Deep Rock Galactic na kundi letu la watu wazima: uzoefu wangu

Sisi ni watu wazima wenye kazi na familia, tunaishi karibu karibu, na kwa muda mrefu tulikuwa tunatafuta gemu ya mapambano ambayo wote tutakuwa upande mmoja. Zile za kupigana sisi kwa sisi zilitugawa. Anayejua anamcharaza asiyejua, na asiyejua wiki inayofuata ana udhuru. Tulijaribu Left 4 Dead 2 ya mwaka 2009, ambayo bado ni nzuri, na Helldivers 2 ya mwaka 2024, ambayo ina vishindo vya kutosha. Lakini iliyoshika mizizi kwetu ni Deep Rock Galactic, nami naipenda kwa dhati.

Kwa ambaye hajaiona: imetengenezwa na Ghost Ship Games ya Denmark, na toleo kamili lilitoka mwaka 2020. Mnakuwa mbilikimo wenye ndevu, waajiriwa wa kampuni ya madini, mnashushwa kwa chombo ndani ya sayari ya Hoxxes IV mkachimbe, mkapambane na wadudu, kisha mrudi na mzigo. Wanaingia mtu 1 hadi 4. Mapango yanaundwa upya kila mnaposhuka, kwa hiyo hata aliyecheza mwaka mzima hana ramani kichwani ya kumtangulia mgeni.

Uzuri wake wote uko kwenye kazi nne. Skauti ana bunduki ya kufyatua mwanga na ndoano ya kumvuta hadi juu. Mhandisi ana bunduki ya kusimika inayolenga yenyewe, na nyingine ya kufyatua povu linaloganda ukutani likawa kibao cha kukanyagia. Mpiga bunduki ana silaha nzito, anafunga kamba ya kuvukia mashimo, na anaweza kurusha kuba la kinga likawafunika wote. Mtoboaji ana mashine mbili za kutobolea mikononi, anapita mwambani anavyotaka.

Kuna jambo dogo ambalo bado linanifurahisha kila likitokea. Kuna madini mekundu yanayoitwa nitra. Mkikusanya 80 mnaagiza shehena ya risasi. Mara nyingi yamejificha juu kabisa, gizani. Skauti anafyatua mwanga, pango zima linafunguka, tunayaona. Ndoano yake inamfikisha pale, lakini hana pa kusimama, na akidondoka kutoka kule anaumia vibaya. Basi Mhandisi anafyatua povu chini ya ule mshipa wa madini, kibao kinaganda, Skauti anatua juu yake na kuanza kugonga sururu. Hakuna aliyesema neno. Mmoja aliuelekezea mshipa kielekezi cha leza alichonacho kila mchezaji, alama ikatokea kwenye skrini za wote, kila mtu akajua la kufanya. Kwetu hilo ni kubwa, maana wengi tunacheza usiku watoto wamelala, na kupiga kelele hakuwezekani.

Shehena ikishuka ina mafungu manne, kila fungu linarudisha nusu ya risasi zako. Gemu haimzuii mtu kuchukua mawili. Ni adabu tu inayomzuia, na hapa ndipo nilipowafahamu majirani zangu upya. Yuko mmoja ambaye kila mara huuliza, "Nani kaishiwa?" kabla ya kugusa fungu lake. Yuko mwingine mpole kabisa nje ya gemu ambaye wadudu wakifurika ndiye anayetulia, anatupanga migongo ukutani, anaangalia nani kaanguka. Kumwinua aliyeanguka kunataka usimame pale sekunde kadhaa bila kufyatua risasi, huku wadudu wanakujia, kwa hiyo lazima mwingine akulinde. Na kuna mruba anayening'inia darini: akikunasa anakuvuta juu, na kwa kawaida kujinasua mwenyewe huwezi. Wenzako wasipokutazama, umekwisha. Baada ya usiku kadhaa unajikuta unatazama dari kwa ajili ya mwenzako bila kuambiwa.

Dada mmoja kundini hakuwa amewahi kucheza gemu za risasi, na kulenga kulimpa shida. Tulimpa Mhandisi. Bunduki ya kusimika ikafanya sehemu ya kulenga, yeye akashika vibao, na ndani ya muda mfupi tukawa tunamsubiri yeye kabla ya kupanda popote. Gemu nyingi hushindwa hapo: zinampa mgeni kazi ileile ya mkongwe, kwa kiwango duni. Hapa kazi yake ni yake, na bila yeye wengine tunapata tabu. Ugumu una ngazi 5. Anzeni ya 2, mpande taratibu. Hata ngazi za uzoefu mkitofautiana mnacheza pamoja bila tatizo.

Muda nao unafaa watu wazima. Kabla ya kushuka unaonyeshwa urefu wa safari, na nyingi kwetu ni nusu saa hivi. Mwenye zamu ya asubuhi anacheza moja, anaaga. Mwisho wa safari ndio unaopandisha mapigo ya moyo: mkibonyeza kitufe cha kuondoka, chombo kinatua mbali, roboti la kubebea mzigo linajiendea lenyewe kukielekea, nanyi mnalifuata kwa dakika 5 huku wadudu hawaishi. Akiwamo hata mtu mmoja ndani chombo kikiondoka, kazi imehesabiwa. Kundi letu hata hivyo halikubali kuacha mtu, na mara kadhaa tumekosa kila kitu kwa kumrudia mmoja. Hakuna aliyelalamika.

Yako ya kujua kabla ya kununua. Haina skrini ya kugawana: hata mkikaa sebule moja, kila mtu anahitaji mashine yake. Toleo la Steam, duka la gemu za kompyuta, halikutani na la Xbox wala la PlayStation, kwa hiyo kubalianeni kwanza mnanunua la wapi. Aliyefungua safari akikatika, safari inakatika kwa wote. Mpeni kazi hiyo mwenye intaneti imara. Hadithi karibu haipo, na anayetaka kisa chenye mwanzo na mwisho atachoka. Risasi ya mwenzako inakuumiza, jambo ninalolipenda kwa sababu linawafanya watu waangalie kabla ya kufyatua, ila waelezeni wageni mapema. Mwenye hofu ya buibui asikate tamaa, kwani kwenye mipangilio kuna sehemu ya kubadilisha maumbo ya wadudu wa gemu, ambao wanafanana na buibui, na mmoja wetu asingecheza bila hiyo.

Sisi tumezidi wanne, kwa hiyo kila safari kuna anayekaa benchi. Siku za kukutana sebuleni anayesubiri anakaa nyuma ya mgeni zaidi na kumwelekeza, kisha wanapokezana. Tukiwa wengi kabisa tunafungua safari mbili, na tunachanganya wakongwe na wageni kila upande.