Sindano za Kichina kwa wastaafu wa jeshi, Mombasa: uzoefu wangu

Maumivu haya ya mgongo nilirudi nayo kutoka Kismayu, Somalia, nikiwa mwanajeshi, mwaka 2012. Tangu hapo ni vidonge na kukandwa. Chuku, yaani kuumikwa na kutolewa damu, nimepigwa Kibokoni hadi mke wangu akasema nina mabaka kama chui. Mwezi wa tatu mwenzangu tuliyetumikia naye Mtongwe akanipigia simu: kuna kliniki kisiwani wanachoma sindano za Kichina, wastaafu wa jeshi nusu bei, Jumamosi asubuhi.

Nianze na kilichoniudhi. Kliniki iko ghorofa ya 3 na lifti ni mbovu. Wagonjwa wa magoti na migongo! Siku ya kwanza tulikutana wazee watatu tumekaa ngazini tunahema, tukatazamana tukacheka. Kufika juu, mapokezi wakataka cheti chenyewe cha kustaafu, picha kwenye simu hawaitaki. Nikarudi Likoni hivyo hivyo. Feri kwa mguu ni bure, tuktuk si bure.

Tiba yenyewe sina neno nayo. Daktari ni kijana wetu aliyesomea China. Kabla ya lolote aliniuliza, "Mzee, unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi?" Hapo nikamwamini. Sindano ni nyembamba kama unywele, haina tundu wala dawa. Anafungua pakiti mbele yako, akimaliza anaitupa. Waliozoea chuku wajue hapa huchanjwi wala hutolewi damu. Za kiunoni sikuzisikia. Ile ya nyuma ya goti ndiyo iliyonishtua: haiumi, ila mguu unakuwa mzito kana kwamba umejazwa mchanga uliolowa. Akasema uzito huo ndio anaoutafuta. Dakika 20 nimelala kifudifudi, nikazinduliwa na mkoromo wangu mwenyewe.

Mara ya nne akaongeza masikio, vijisindano 5 kila sikio. Mpango huo aliubuni daktari wa jeshi la anga la Marekani, Richard Niemtzow, mwaka 2001, na huko wastaafu wa jeshi hupata tiba ya sindano katika hospitali zao. Vinakaa siku kadhaa kisha vinadondoka vyenyewe. Mjukuu akauliza, "Babu, umetoga?"

Nimeenda mara 8. Mgongo haujapona, na ganzi ya mguu wa kushoto iko pale pale. Lakini nalala mpaka adhana ya alfajiri, na viatu nafunga mwenyewe. Vidonge vya kila siku sasa ni viwili kwa wiki.

Hiyo nusu bei ni shilingi 1,000, na bima yangu haikutoa hata senti. Kwa pensheni yangu, wiki mbili nilishindwa kwenda. Yule mwenzangu naye ameacha, na alikuwa anapata nafuu. Ngazi ndizo zilizomshinda. Nimemwambia daktari kuna chumba kitupu chini, nyuma ya duka la dawa. Anasema atamuuliza mwenye jengo.

Mkienda, vaeni suruali pana, mle kitu kwanza, na mbebe cheti chenyewe.