Chati ya Jimmy Johnson na bei ya kwotabeki anayesugua benchi

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni ukurasa mmoja wa namba. Ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndani ya Dallas Cowboys, klabu ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, pale Mike McCoy, mmoja wa wamiliki wenza, alipopitia mabadilishano ya miaka ya nyuma na kuyageuza kuwa alama, ili kocha Jimmy Johnson asilazimike kukisia kila simu inapoita siku ya drafti, yaani siku klabu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi baada ya raundi, na zamu hizo, machaguo, huuzwa na kubadilishwa. Chaguo la kwanza kabisa limepewa alama 3,000, la 16 lina 1,000, la 32 lina 590, na la 100 limebaki na 100 tu. Anayetaka kujua kama anapunjwa hujumlisha alama za upande wake, akajumlisha za upande wa pili, kisha akalinganisha. Inapatikana bure mtandaoni, na nakala yangu niliyoichapisha imejaa maandishi ya penseli pembeni, kwa kuwa kila biashara inapotangazwa mimi huiandika hapo.

Chati ilikusudiwa kupima chaguo kwa chaguo, na kwa kazi hiyo naipa nyota nne kati ya tano. Wengi wetu, hata hivyo, tumeizoea kiasi kwamba tunaitumia kupima watu. Anapowekwa mezani kwotabeki wa akiba wa ligi ya NFL, yaani mrusha pasi ambaye kazi yake ni kusubiri mwenzake aumie, naipa nyota mbili, na shahidi wangu mkuu ni mtu mmoja: Jimmy Garoppolo.

New England Patriots walimchukua mwaka 2014 kwa chaguo la 62, lenye alama 284 kwenye chati. Kwa misimu mitatu na nusu alikaa nyuma ya Tom Brady. Nafasi yake ya kuonekana ilikuja 2016, Brady alipofungiwa mechi nne. Garoppolo alianza mbili, na katika ya pili, dhidi ya Miami Dolphins, akaumia bega kabla ya mapumziko. Mwishoni mwa Oktoba 2017 aliuzwa kwa San Francisco 49ers kwa chaguo la raundi ya pili la drafti ya 2018. Siku hiyo 49ers walikuwa wamecheza mechi nane na kupoteza zote nane, na timu dhaifu huchagua mapema, kwa hiyo mwenye chati mkononi angesoma kwamba chaguo hilo litaangukia namba 33 au 34, yaani alama 580 au 560, karibu mara mbili ya bei ya kununulia. Lakini wafuasi haohao wa chati wana desturi ya kushusha chaguo la mwaka ujao kwa raundi moja nzima, na ukifanya hivyo unapata kitu kinachokaribia chaguo la 65, alama 265, ambayo ni hasara. Chombo kimoja, siku moja, mchezaji mmoja, na jibu ni faida kubwa au hasara ndogo kutegemea umeamka na desturi ipi.

Kisha bidhaa ikaingia uwanjani. 49ers walishinda mechi zote tano alizoanza msimu ule, wakapanda kwenye msimamo, na chaguo walilokuwa wanadaiwa likateremka hadi namba 43, alama 470. Mnunuzi aliishia kulipa pungufu kwa sababu alichonunua kilikuwa kizuri. Hapo ndipo nilipoanza kuiangalia chati hii kwa jicho la pembeni, kwa kuwa inachukulia bei na bidhaa kuwa vitu viwili visivyogusana, wakati kwotabeki ndiye mchezaji pekee anayeweza, kwa wiki tano, kubadilisha thamani ya sarafu aliyonunuliwa nayo.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba chati haisomi mkataba. Garoppolo alipouzwa alikuwa amebakiza nusu msimu tu, na Februari 2018 49ers walimpa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 137.5. Kwa hiyo walichokinunua kwa chaguo la raundi ya pili hakikuwa huduma ya miaka. Kilikuwa haki ya kukaa naye mezani kabla ya klabu nyingine thelathini, pamoja na mechi chache za kumwonja. Muuzaji naye alikuwa anakimbizana na kalenda, kwa sababu ifikapo Machi mchezaji angekuwa huru. Ukilisoma hilo kwanza, chaguo la raundi ya pili linaonekana bei ya haki kwa pande zote mbili, na hukuhitaji kuhesabu alama hata moja.

Mfano wa Matt Cassel unaonyesha jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Alichaguliwa raundi ya saba mwaka 2005, hakuwa ameanza mechi tangu sekondari, na mwaka 2008 Brady alipovunjika goti katika mechi ya kwanza ya msimu, yeye akaanza mechi 15 zilizobaki na kushinda 10. Patriots wakamwekea lebo ya fransaizi, ile inayomzuia mchezaji kuondoka bure kwa kumlipa mshahara mnono wa mwaka mmoja, ambao kwake ulikuwa dola milioni 14.65. Muda si mrefu wakamuuza kwa Kansas City Chiefs, yeye pamoja na mkongwe Mike Vrabel, kwa chaguo la 34. Alama 560 kwa watu wawili, mmoja wao akiwa ametoka kushinda mechi 10! Chati inalia kwamba muuzaji kaibiwa. Ukweli ni kwamba mshahara ule ulikuwa unameza zaidi ya moja ya kumi ya ukomo wa mishahara wa klabu nzima, Brady alikuwa anarudi, na kila mnunuzi alijua kwamba muuzaji maji yamemfika shingoni.

Kuna pia sakafu ya bei ambayo chati haiioni. Mchezaji akiondoka akiwa huru na kusajiliwa kwingine kwa fedha nyingi, ligi humfidia aliyempoteza kwa chaguo la kati ya raundi ya tatu na ya saba katika drafti ya mwaka unaofuata. Philadelphia Eagles walimwachia Nick Foles, shujaa wao wa Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2018, aende Jacksonville Jaguars mwaka 2019 kwa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 88, na wao wakapata chaguo la raundi ya tatu bila kumuuza kwa mtu yeyote. Mwaka mmoja baadaye Jaguars walimuuza Foles huyohuyo kwa Chicago Bears kwa chaguo la raundi ya nne. Kabla ya kukubali ofa, basi, swali la kwanza la muuzaji ni atapata nini akikaa kimya.

Sehemu inayonishangaza kila ninapopitia maandishi yangu ya penseli ni hii: kadiri kwotabeki wa akiba anavyoonekana kidogo, ndivyo anavyouzwa ghali. Brett Favre, chaguo la 33 la mwaka 1991, alirusha pasi nne tu akiwa Atlanta Falcons. Hakuna mwenzake hata mmoja aliyeidaka, na mbili zilinaswa na wapinzani. Mwaka uliofuata Green Bay Packers walimnunua kwa chaguo la raundi ya kwanza. Rob Johnson alianza mechi moja mwaka 1997, akakamilisha pasi 20 kati ya 24, na Buffalo Bills wakamlipia Jaguars chaguo la tisa, alama 1,350, na la raundi ya nne juu yake.

Sasa tazama upande wa pili. Sam Howell alianza mechi zote 17 za Washington Commanders mwaka 2023 na pasi zake 21 zilinaswa, nyingi kuliko za kwotabeki mwingine yeyote ligini. Machi 2024 alikwenda Seattle Seahawks kukaa benchi; Washington walipata chaguo la 78 na la 152, wakatoa yeye pamoja na la 102 na la 179. Ukipiga hesabu kwa chati, Howell mwenyewe alikuwa na thamani ya kama alama 120, sawa na chaguo la 95. Justin Fields, aliyechaguliwa namba 11 mwaka 2021 na kuanza mechi 38 Chicago, aliuzwa kwa Pittsburgh Steelers mwezi huohuo kwa chaguo la raundi ya sita ambalo lingepanda hadi ya nne iwapo tu angecheza zaidi ya nusu ya muda wa uchezaji wa timu. Kasoro za hawa wawili zilikuwa kwenye video, kila kocha ameziona na kuziandika. Za Rob Johnson zilikuwa bado kwenye gunia pamoja na mbuzi. Haina maana kwamba gunia lina mbuzi mgonjwa siku zote: Favre alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara tatu mfululizo, ilhali Johnson alipoteza nafasi yake kwa Doug Flutie mwaka uleule aliofika Buffalo. Mnunuzi alilipa bei ya juu kwa wote wawili, na sababu ilikuwa ileile.

Zipo chati nyingine mpya, kama ile ya Jason Fitzgerald na Brad Spielberger, iliyojengwa juu ya fedha ambazo wachezaji hupata katika mkataba wao wa pili. Mteremko wake ni wa polepole zaidi na kwa machaguo ya katikati naiona ina ukweli zaidi. Kwa kwotabeki wa akiba inakwama palepale. Niliwahi pia kulipia kikokotoo kimoja cha mtandaoni, ambacho sitakitaja, na kilinipa namba moja kwa mchezaji mmoja mwezi Machi na mwishoni mwa Agosti, kana kwamba kati ya miezi hiyo hakuna goti la mtu linaloweza kuvunjika.

Agosti ndiyo soko lenyewe. Tarehe 30 Agosti 2016 Teddy Bridgewater aliumia goti vibaya mazoezini, na siku nne baadaye Minnesota Vikings wakawalipa Eagles chaguo la raundi ya kwanza la 2017, na jingine la masharti la 2018, ili wampate Sam Bradford. Bradford hakuwa wa akiba kwa jina, lakini Eagles walikuwa wameshamchagua Carson Wentz namba mbili na siku zake zilikuwa zinahesabika. Miezi mitatu nyuma nadhani asingefika bei hiyo. Kinyume chake ni AJ McCarron. Siku ya mwisho ya mabadilishano ya 2017 Cleveland Browns walikubaliana kuwapa Cincinnati Bengals chaguo la raundi ya pili na la raundi ya tatu, lakini karatasi hazikufika ofisi ya ligi kwa wakati na biashara ikafa. Alipokuwa huru alisaini Buffalo, na mwanzoni mwa Septemba 2018, bila kuanza mechi yoyote ya ligi katikati ya hapo, akauzwa kwa Oakland Raiders kwa chaguo la raundi ya tano.

Na kuna sifa ambayo sijui ungeiandika kwenye safu gani. Oktoba 2023 Kirk Cousins wa Vikings alichanika ukano wa kisigino. Siku mbili baadaye klabu ikamchukua Joshua Dobbs kutoka Arizona Cardinals kwa kubadilishana machaguo ya raundi za mwisho, alama chache mno. Jumapili iliyofuata, huko Atlanta, kijana Jaren Hall akatolewa robo ya kwanza kwa mtikisiko wa ubongo. Dobbs aliingia bila kufanya mazoezi na kikosi cha kwanza, akiwa bado anajifunza na senta wake, yule anayempa mpira, pembeni mwa uwanja, namna ya kutoa mwito wa kuanzisha mchezo, huku kocha akimwelekeza kwa redio iliyomo ndani ya kofia hadi inapokatika zikiwa zimebaki sekunde 15 za kuanzisha mchezo. Alirusha pasi ya ushindi zikiwa zimebaki sekunde 22, na Vikings wakashinda 31-28. Kilichonunuliwa pale ni kichwa kinachojifunza haraka, na kilinunuliwa kwa bei ya kutupa.

Ninamrudia Garoppolo, kwa sababu maandishi yangu kumhusu hayakuishia 2017. Mwaka 2022 49ers walitaka kumuuza ili Trey Lance achukue nafasi. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa bega mwezi Machi, kiangazi chote hakupatikana mnunuzi, na mwishoni mwa Agosti akakubali mshahara wa msingi wa dola milioni 6.5 abaki kuwa wa akiba. Tarehe 18 Septemba Lance akavunjika kifundo cha mguu, Garoppolo akaingia, na timu ikaenda naye hadi Desemba, alipovunjika mguu yeye mwenyewe. Januari 2023, katika mechi ya kuwania kwenda Super Bowl, mrithi wake Brock Purdy aliumia kiwiko, Josh Johnson aliyempokea akapata mtikisiko wa ubongo, Purdy akarudishwa asiweze kurusha, na 49ers wakafungwa 31-7 na Eagles. Mwaka uleule ligi ikarejesha kanuni ya kwotabeki wa tatu wa dharura. Kwenye nakala yangu ya chati, pembeni ya jina la Garoppolo wa Agosti 2022, bado imeandikwa sifuri.