TAHADHARI: Matairi vipara yaliyochongwa upya yanauzwa kama matairi ya matope, Iringa hadi Mbeya

Wadau wa magari ya zamani, kama unapanga kutoka na Peugeot 504, Datsun 1200 au Volkswagen Beetle kwenda kutazama mbio za magari wikiendi ya mvua huku nyanda za juu kusini, soma hii kabla hujatoa hela ya matairi. Kuna muuzaji anayezunguka na pikapu siku moja au mbili kabla ya mbio. Iringa anakusalimu "Kamwene", akifika Mbeya ni "Ugonile", na sentensi ya pili ni hii: "Matairi ya matope haya, mzee wangu, mtumba safi wa Japani." Matope yake ni ya mdomoni. Ni matairi yaliyokwisha, yakachongwa mifereji upya kwa kisu cha moto, yakapakwa weusi.

Anajua pa kugusa. Saizi za magari haya zimekuwa adimu madukani: inchi 12 za Datsun 1200, 175R14 ya 504, 165R15 ya Beetle. Mtu aliyezisaka muda mrefu akiziona nne zimepangwa kwenye pikapu, anaacha kukagua anaanza kupatana bei. (Mwenye Land Rover 109 hana sababu ya kuingia mtego huu. 7.50-16 bado zinatengenezwa kwa ajili ya malori madogo. Nunua mpya, ondoka.)

Kwanza ujue ubaya wa tairi la kuchongwa uko wapi. Tairi jipya la gari dogo lina mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi. Chini ya mfereji umebaki mpira mwembamba, milimita mbili au tatu tu, ndipo unakutana na nyaya za chuma au nyuzi zinazoshika umbo la tairi. Kisu cha moto kinakula mpira huohuo. Kikigusa nyaya, maji yanapata njia, chuma kinashika kutu, na tabaka la juu linaanza kuachana na la chini. Dalili yake ni usukani kudunda kwa mwendo wa chini, kisha uvimbe unajitokeza kwenye meno ya tairi. Sasa fikiria uvimbe huo uko gurudumu la mbele, unashuka mlima Kitonga na mvua, lori limekukalia nyuma na breki zimeshapasha rimu.

Yapo matairi ya lori yanayoruhusiwa kuchongwa. Hayo huandikwa REGROOVABLE kwenye ukuta (ubavu) wa tairi, na kiwanda kimeyawekea mpira wa ziada chini ya mifereji kwa kazi hiyo. Muuzaji huyu hupenda kuutumia ukweli huo: "Mbona mabasi yanachongwa?" Mwambie akuonyeshe neno hilo kwenye tairi la inchi 12.

Ukaguzi wenyewe hauchukui dakika kumi. Njoo na kitambaa kikavu, kiberiti na tochi. Kitambaa ni cha kwanza kwa sababu matairi haya huuzwa yakiwa yameloa, na si mvua peke yake iliyoyalowesha. Mpira ukiwa na maji, nyufa hazionekani. Kausha, kisha likunje ukuta kwa mikono miwili. Nyufa nyembamba zikifunguka karibu na rimu au katikati ya meno, mpira umezeeka.

Halafu tafuta kiashirio cha uchakavu. Kwenye bega la tairi kuna pembetatu ndogo au herufi TWI. Ukifuata usawa wake hadi ndani ya mfereji unapaswa kukuta kijituta cha mpira kinachokatiza mfereji, kimo chake milimita 1.6. Kwenye tairi la kuchongwa kijituta hicho hakipo, au kimekatwa katikati, maana kisu kimepita juu yake. Hapa ndipo wachongaji wengi hunaswa, kwani kuchonga mfereji na kukiacha kijituta ni kazi ngumu wasiyoijali.

Mulika chini ya mfereji. Wa kiwandani ni laini na umenyooka. Wa kisu una mawimbi, una alama mahali mkono uliposimama, na kina chake hakilingani. Chomeka njiti ya kiberiti sehemu nne kuzunguka tairi, ukiweka alama kwa kucha kila mara. Tofauti ikifika milimita mbili kwenye mfereji mmoja, rudisha. Kisha bonyeza kucha kwenye ukingo wa jino: mpira hai unabonyea kidogo, uliokufa unakuwa kama ukwaju wa mwaka jana. Mpira mgumu hata ukiwa na mifereji mirefu hauishiki lami iliyolowa, na kwenye udongo mwekundu wa Mafinga unateleza tu.

Tarehe nayo isomwe. Tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwandani ni wiki na mwaka: 3519 ni wiki ya 35 ya 2019. Zikiwa tatu, tairi ni la kabla ya 2000. Mara nyingi tarehe iko upande mmoja tu, kwa hiyo geuza kabla ya kulaumu. Kukosa herufi DOT zinazotangulia namba hiyo peke yake si kosa, kwani hutakiwa kwa soko la Marekani; lakini ukikuta mahali pa namba pamesuguliwa, usiulize zaidi.

Ujanja wake mzuri kuliko wote ni tyubu. Anauza tairi la tubeless (lililotengenezwa kutumika bila tyubu) likiwa tayari kwenye rimu na tyubu ndani, na maelezo yake yana ukweli: rimu nyingi za zamani hazina tuta la kushikilia tairi la tubeless, hivyo tyubu inahitajika. Ila tyubu hiyohiyo inaficha tundu, kiraka kikubwa, au waya uliochomoza. Dai litolewe kwenye rimu na fundi wa pancha unayemchagua wewe. Pitisha kitambaa ndani, usipitishe kiganja. Kikinasa, kuna waya.

Na akikuambia haya ni mabaki ya Safari Rally, yale ya Peugeot 404, mpe hesabu. Gari hilo lilishinda Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Tairi la enzi hizo likipatikana leo, lipeleke makumbusho.

Anauza pia chupa ya "dawa ya kuzuia maji" ya kupulizia distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. Ina harufu ya mafuta ya taa. Achana nayo. Kausha kifuniko cha distribyuta, kikague nyufa kama unywele, kisha kivalishe glovu ya mpira: vidole vitano, nyaya nne za plagi na moja ya koili, kata ncha upitishe, funga juu kwa utepe. Ukungu wa Isyonje kule Mbeya hautakuzimia gari.

Kuhusu malipo, atadai umtumie kianzio kwa simu ili "akushikie" manne. Namba hubadilika kila wikiendi, jina linalotokea kwenye muamala si lake, na risiti ya EFD hatoi. Usitume. Kama umeshatuma, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako saa hiyohiyo hela ikiwa bado haijatolewa, hifadhi ujumbe wa muamala, namba ya tapeli itume kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, kisha nenda polisi na picha za matairi na za pikapu.

Na kama yameshafungwa kwenye gari, hakuna mwendo salama wa kuyatumia, wala usiyaweke kama spea. Picha zikishapigwa na polisi wakishamaliza nayo, kata ukuta wa kila tairi kwa msumeno kabla hujalitupa. Likibaki zima litaokotwa, litapakwa weusi tena, na wikiendi ijayo litakuwa kwenye pikapu.