Fimbo ya kuvulia: ipi ununue kwa perege na kambale wa Mtwara na Lindi

Kila mwaka malipo ya korosho yakianza kuingia, napata ujumbe wa aina moja kwenye simu. Ni picha ya fimbo ya kuvulia iliyolazwa juu ya kaunta ya duka, na chini yake swali: "Kaka, hii inafaa?" Mara nyingi ni fimbo nyekundu inayong'aa, imefungwa pamoja na rili ya plastiki (kile kifaa cha kuviringia uzi), uzi umeshaviringwa tayari, na muuzaji ameapa kwamba ni ya samaki mkubwa. Nami najibu kwa kuuliza: unakwenda kuvua wapi, na unamtaka nani?

Anayetoka na ngalawa usiku ana walimu wake, mimi simfundishi kitu. Naandika kwa ajili ya mtu wa Chuno, Mangamba au Lindi mjini mwenye Jumamosi moja, chupa ya chai na hamu ya kukaa kivulini kando ya Ziwa Kitere au Rutamba akisubiri perege wawili watatu wa kuchoma, na kambale Mungu akijalia. Mtu huyu akiingia dukani hutumia karibu pesa yote kwenye fimbo, kisha inayobaki ndiyo anayonunulia uzi na ndoana. Mimi nasema ageuze.

Kabla ya duka, pita kwa afisa uvuvi wa halmashauri uulize habari ya leseni, kisha ukifika kijijini jitambulishe kwa kikundi cha BMU, yaani wanakijiji wanaosimamia uvuvi wa mahali hapo. Watakwambia pia mahali palipo na mamba, jambo ambalo muuzaji wa fimbo hatakwambia. Na usitupe uzi Msimbati kwa kuwa tu ufukwe ni mzuri. Pale uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na ina taratibu zake.

Sasa uzi. Kuna kambale nilimkosa Rutamba ambaye mpaka leo watoto wangu wanadhani ninamsingizia. Hakukatia kwenye fundo, wala hakujisugua kwenye kisiki. Uzi ulikatika katikati, hewani, mbele ya macho yangu. Niliporudi mjini nikaenda kuangalia pale nilipoununua, nikakuta vigurudumu vyote vya uzi vimepangwa dirishani, upande wa magharibi, vinapigwa jua kila alasiri. Jua huiua nailoni taratibu bila kuibadilisha sana sura.

Kwa hiyo usinunue uzi kwa macho. Omba kigurudumu kifunguliwe, vuta kipande cha urefu wa mkono, ukitazame kwenye mwanga: kikiwa na weupe kama kimepakwa chaki, au ukikipitisha kwenye ukucha unasikia kinakwaruza, rudisha. Kikipita hapo, funga fundo la kawaida katikati, lilowanishe kwa mate, viringisha ncha mbili kwenye kitambaa (usiviringishe kwenye vidole vitupu, utajikata) na uvute polepole. Uzi mzima hunyumbuka kidogo na kukupa kazi. Uliokufa hukatika ghafla kama tambi kavu. Muuzaji akikataa usijaribu, basi umeshapata jibu bila kuvuta. Na ukiulizwa unataka uzi wa wapi, sema unataka ule ulioko ndani kabisa ya boksi.

Kuhusu namba za uzi, soma milimita (unene wake), achana na kilo (nguvu yake). Milimita unaweza kuzipima, kilo ni ahadi ya aliyechapa karatasi. Nailoni ya kawaida ya 0.25 inamtosha perege kabisa. Kwa kambale chukua 0.40. Ukikuta uzi wa 0.30 umeandikiwa kilo 20, hiyo ni hadithi ya sungura. Tena kumbuka kwamba fundo lolote hupunguza nguvu ya uzi, na fundo lililovutwa likiwa kavu hupunguza zaidi.

Ndoana huwachanganya wengi kwa sababu namba zake zinakwenda kinyume: namba 10 ni ndogo kuliko namba 6. Ukifika namba 1, zinazofuata kwa ukubwa huandikwa 1/0, 2/0, 3/0, na hapo ndipo zinakwenda mbele kama namba za kawaida. Perege ana mdomo mdogo, mpe namba 8 au 10. Kambale mpe 1/0 hadi 3/0. Nimeona mtu akirudi bila kitu kutoka Kitere, chambo kimeliwa siku nzima, na ndoana yake ingemtosha papa. Jaribu ncha kwenye ukucha wa dole gumba: iburuze kwa wepesi, ikikwama ni kali, ikiteleza ni butu. Nunua kumi na mbili, ndoana hupotea.

Vitu vingine ni vya haraka. Boya kata kwenye kandambili iliyokufa. Risasi za kuzamishia zipo madukani, ila nati kuukuu au plagi mbovu ya pikipiki inafanya kazi ileile, na usibane risasi kwa meno. Koleo ndogo nunua, tafadhali. Kambale ana miiba miwili migumu kwenye mapezi ya mbele, na mkono ukichomwa hutavua tena siku hiyo.

Tukija kwenye fimbo, nafasi ya kwanza naipa mwanzi. Najua utasema hujaja kusoma mwongozo ili uambiwe ununue mwanzi, lakini nisikilize. Perege wengi wanakula karibu na ukingo, kwenye majani, si katikati ya ziwa. Huhitaji kurusha uzi mita hamsini. Unahitaji kuuteremsha kimya mita tatu au nne mbele yako. Mwanzi wa mita nne unafanya hivyo vizuri kuliko rili yoyote. Tena unakuweka mbali na maji, na kwa anayevua sehemu za Ruvuma, ambako mamba na viboko ni wenyeji, kila hatua ya kurudi nyuma ina thamani. Chagua kwa wauza mianzi ya kujengea: uliokauka kivulini, ulionyooka, ncha yake unene wa penseli. Wa kijani utakulemea mkono kabla ya saa nne. Ukifika nyumbani usifunge uzi kwenye ncha peke yake. Ufunge kwanza karibu na mshiko, uupandishe ukiuzungusha kwenye mwanzi, kisha ufunge tena nchani. Ncha ikivunjika samaki bado ni wako, maana uzi umeshikwa chini. Pesa uliyookoa iongeze kwenye uzi na ndoana.

Chambo cha mwanzi huo hakikugharimu chochote: minyoo kutoka chini ya migomba, au ugali uliosongwa mgumu hadi unashika kama udongo wa mfinyanzi. Mimi huchanganya ugali na mashudu kidogo ya ufuta, na Lindi mashudu si kitu cha kutafuta kwa tochi. Halafu ukimpata perege jike ambaye mdomo umejaa mayai au vitoto, mrudishe. Perege wetu hulelea mdomoni, kwa hiyo ukimtia huyo kwenye ndoo umetia ukoo mzima.

Nafasi ya pili ni fimbo ya faiba ya vipande viwili pamoja na rili. Hii ndiyo ya kununuliwa na mtu ambaye ameshajua kwamba atarudi tena na tena, na anataka chombo kimoja cha ziwani na cha baharini. Tafuta urefu wa mita 2.1 hadi 2.4, na karibu na mshiko usome gramu, yaani uzito ambao fimbo inaweza kurusha: 20 hadi 60 inakidhi mambo mengi. Faiba ni nzito kuliko kaboni, ila inavumilia kudondoka, kukanyagwa na kufungwa kwenye bodaboda. Kaboni ikipata mpasuko mdogo usiouona itakuaibisha siku ya samaki. Nenda dukani na kipande cha pamba. Kipitishe ndani ya kila pete inayopitisha uzi. Pete yenye ufa hubakiza nyuzi za pamba, na pete hiyo itaukata uzi wako mpya siku ya kwanza.

Rili usiinunue kwa rangi. Ukubwa wa 3000 au 4000 unafaa kwa fimbo hiyo. Ishike mkononi, zungusha mkono wake taratibu, usikilize: ikisaga kama kinu, acha. Fungua na funga ule upinde wa waya mara ishirini hapohapo kaunta, bila aibu, uone kama unarudi kila mara. Kisha gusa kigurudumu kidogo uzi unapopita, hakikisha kinazunguka. Kikiwa kimeganda, uzi utasuguliwa mahali pamoja hadi ukatike. Breki nayo ijaribu kwa kuvuta uzi kwa mkono. Iachie uzi kwa ulaini, isiruke-ruke. Na ukishaitumia Mikindani au kwenye mkono wa bahari wa Lindi, isuuze kwa maji baridi ya kisima usiku huohuo. Chumvi haisubiri asubuhi.

Ya tatu ni mshipi wa mkono, uzi ulioviringwa kwenye chupa au kibao, bila fimbo. Ingekuwa ni chombo cha baharini tu ningeupa nafasi ya kwanza. Watu wa Msangamkuu na Kitunda wamelea watoto kwa mshipi, wanatoa changu na chewa kwa kitu kinachoenea mfukoni. Nilikaa siku moja na babu mmoja Mikindani nikiwa na fimbo mpya begani. Akaitazama, akauliza: "Hiyo ya kumchapia nani, mjukuu wangu?" Mpaka jua linazama alikuwa na tasi saba, mimi nilikuwa na mmoja, na nadhani huyo mmoja alinionea huruma. Ziwani lakini mshipi una taabu yake. Majani ya ukingoni yanaushika, na kumtoa samaki inabidi usogee kwenye maji, jambo ambalo nimeshasema silipendi. Utumie kwa kambale, ulaze chambo chini mahali pa wazi palipo na mwinuko.

Fimbo ya antena, ile inayoingia yenyewe kwa yenyewe kama antena ya redio, iko nafasi ya nne. Hiyo ndiyo ya picha zile ninazotumiwa. Inavutia kwa sababu inaingia kwenye begi, na kwa mtu anayesafiri na basi la Masasi si jambo dogo. Ubaya wake ni mchanga. Punje chache zikiingia kwenye maungio, kipande kinang'ang'ana nje au kinagoma kukaa nje, kinajirudia ndani wakati samaki anavuta. Kama umeshaipenda, chagua yenye vipande vichache, uvute kila kimoja hadi mwisho na ukisokote kidogo uone kama kinashika, kisha uing'oe ule uzi uliokuja nayo na kuutupa. Nunua kabla ya malipo ya korosho, si baada yake. Bei ya kaunta inajua mfuko wa mteja.

Ya mwisho ni seti za karpu, zile za kwenye video. Karpu ni samaki wa Asia na Ulaya. Uingereza anafika zaidi ya kilo 20, na wavuvi wake wa starehe hulala kando ya ziwa siku mbili tatu, fimbo za mita 3.6 zimepangwa kwenye vigingi vya chuma, chambo ni vidonge vya unga na mayai vilivyochemshwa, na kila fimbo ina kengele ya betri inayolia uzi ukivutwa. Samaki akitoka anapigwa picha na kurudishwa majini. Kwa mahali pale na samaki yule ni vifaa vya akili sana. Kwa perege wa robo kilo anayekula hatua nne kutoka miguuni pako, ni kuchinja kuku kwa panga la kufyekea.

Rafiki yangu wa Lindi aliagiza seti nzima hata hivyo. Usiku wa kwanza, upepo wa kusi ulishika uzi na kengele zikalia mpaka wenyeji wakaja na tochi kuuliza kuna nini. Fimbo moja ameiuza. Kengele moja ameifunga kwa uzi kwenye mlango wa banda la kuku, na anasema tangu hapo kicheche hajaingia.