Kamera ya mtego ya betri nane: inamnasa ndezi, inamkosa fisi maji

Anayetaka kujua nani anakata mpunga wake usiku kule Mbarali, au mahindi ya kinyungu (bustani ya bondeni) kule Mufindi, kamera hii ndogo inayouzwa mtandaoni kwa majina mengi itamtosha. Anayemtaka fisi maji, yule mnyama wa mtoni mla kaa na samaki, haitamtosha, labda kwa mbinu moja iliyoelezwa chini.

Kinachoamsha kihisi chake ni kitu chenye joto tofauti na mazingira kinachojongea mbele yake. Kwa ndezi mambo ni mepesi. Ni mgugunaji mkubwa wa jamii ya panya, wa kilo 4 na zaidi akikomaa, mara nyingi manyoya ni makavu, na hupita vichochoro vilevile chini ya matete. Vitafute vichochoro hivyo kabla ya kufunga chochote. Alama ya uhakika ni mashina yaliyokatwa kwa mshazari karibu na ardhi, na vipande vifupi vimelundikana pale alipokula. Akishtuka hukimbilia majini, maana anaogelea vizuri, kwa hiyo kichochoro kinachoishia mferejini ndicho bora.

Karatasi ya maelekezo inashauri kuifunga kwenye mti, mita 1 kutoka chini. Hiyo ni kwa wanyama warefu kama swala. Kwa ndezi chomeka kigingi imara, lenzi iwe sentimita 30 hadi 40 juu ya ardhi, mita 2 au 3 kutoka njiani, na itazame urefu wa kichochoro. Ukiielekeza kukikata kichochoro, mnyama huwa ameshapita kabla haijapiga, na unabaki na picha ya makalio. Kwa umbali huo mdogo taa za usiku zinamfanya aonekane mweupe pe. Bandika solotepu ya karatasi juu ya nusu ya taa hizo.

Kasoro inayowakatisha watu tamaa ni memori kadi kujaa picha za majani matupu. Jani lililopigwa jua likiyumba kwa upepo linakihadaa kihisi. Fyeka yote yaliyo mbele ya lenzi, hata lile moja linaloning'inia pembeni, na upange saa ili kamera ifanye kazi usiku tu, kwa kuwa ndezi hutembea zaidi usiku. Ielekeze kaskazini au kusini, isitazamane na jua la asubuhi wala la jioni.

Betri za kuchaji za volti 1.2 zinaiangusha. Picha za mchana zinatoka safi, za usiku zinatoka giza, na mtu anadhani kamera imekufa. Tumia alkalini mpya, zote nane za aina moja. Baridi ya Juni na Julai huko Makete na Njombe huzidhoofisha hata hizo. Lithiamu ni ghali lakini huvumilia. Weka ndani kifuko cha kufyonza unyevu, na ufute mpira wa mlango kila unapofungua. Punje moja ya mchanga inatosha kupitisha maji.

Sasa fisi maji. Akitoka majini manyoya yake ya nje yamelowa na joto lake la nje linakaribiana na la maji, hivyo kihisi hakimwoni. Tatizo ni lilelile kwa muskrat, panya wa vinamasi vya Marekani ya Kaskazini mwenye mkia bapa, ambaye ni mdogo zaidi, hafiki kilo 2. Mbinu ni kuachana na kihisi: weka kamera ipige picha kila dakika 1 usiku kucha, ikitazama jiwe au ukingo anapojikaushia. Mahali hapo utapajua kwa kinyesi chenye vipande vya magamba ya kaa. Inafaa kuhangaika hivyo, kwa sababu fisi maji anasingiziwa sana. Chakula chake ni kaa, samaki na vyura, hali mpunga.

Usiifunge kwenye njia ya kiboko, ile pana yenye mifuo miwili sambamba. Kinamasi cha Ihefu chenyewe, kule Mbarali, kiliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, hivyo bila kibali ishia kwenye majaruba. Mvua zikianza, pandisha kigingi kabla mfereji haujafurika. Mlango wa kamera hii unahimili manyunyu, kuzama hauhimili.