Uzoefu wangu: nilimtoa mtoto akademi nikampeleka shule ya umma hapa Lanet

Kilichonifanya niamue ni daftari. Mwisho wa 2023 mtoto wangu wa kwanza alikuwa anamaliza gredi ya tatu katika akademi moja, yaani shule ya kibinafsi, hapa Lanet, Nakuru. Karo ilikuwa shilingi 21,000 kwa muhula, na basi la shule 6,000 juu yake. Ripoti zake zilijaa EE, yaani amevuka matarajio karibu kila somo. Jumapili moja nikampa gazeti la Taifa Leo anisomee aya moja tu. Mstari wa pili akakwama, akaanza kukisia maneno kwa kuangalia picha. Sikumgombeza. Aliyenidanganya hakuwa yeye.

Mimi na mke wangu tukaanza kuulizia shule za umma. Ziko tatu ambazo mtoto anaweza kufika kwa miguu bila kuvuka barabara kuu ya Nairobi, na hilo kwangu lilikuwa sharti la kwanza, maana malori ya pale hayana huruma. Majirani walitupa maoni bila kuombwa. Hii imejaa. Ile ina vumbi. Nyingine imejengwa ukuta mzuri, kwa hivyo lazima ni nzuri. Zamani ungeuliza mini skoo, yaani wastani wa alama, ya KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mjadala ukaisha. Lakini KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na hii KPSEA, tathmini ya gredi ya sita, haimzuii mtoto yeyote kuingia gredi ya saba. Mzazi amebaki na macho yake.

Basi nikapita kwa majirani watatu, kila mmoja ana mtoto katika mojawapo ya shule hizo, nikaomba kuona madaftari ya hisabati na Kiswahili. Walinicheka, lakini walitoa. Shule ya kwanza, tiki ya mwisho ilikuwa ya wiki nne nyuma. Ya pili, ile yenye ukuta, tiki zilikuwa kila mahali, hata pale mtoto alipoandika kwamba sita mara saba ni 48. Ya tatu daftari lilikuwa limekunjamana, jalada limetoka, lakini kila kosa lilikuwa na masahihisho chini yake, na masahihisho yenyewe yamesahihishwa tena. Shule hiyo ndiyo yenye majengo mabovu kuliko zote. Tukaenda hapo.

Mwalimu mkuu alitupokea vizuri. "Mzazi, keti. Sitakuficha, gredi ya nne ina watoto 71, na wako atakuwa wa 72." Nilimheshimu kwa kusema ukweli, ingawa mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

Sasa, pesa. Tunaambiwa elimu ya msingi ni ya bure tangu 2003, na ni kweli serikali hutoa mgao. Lakini mgao huo ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka mzima. Gawanya kwa mihula mitatu, haufiki 500. Kwa hivyo shule inaomba: chakula cha mchana shilingi 40 kwa siku, 400 kwa muhula za mwalimu aliyeajiriwa na BOM (bodi ya shule), 300 za karatasi za mitihani. Kwa jumla hazifiki 3,500 kwa muhula. Hizo 400 sijawahi kupewa risiti yake, na nimeuliza mara mbili. Nalipa, kwa sababu mwalimu huyo wa BOM ndiye mwenye kalamu nyekundu niliyoiona kwenye daftari la jirani.

Muhula wa kwanza ulikuwa mgumu, na sababu haikuwa masomo. Ilikuwa choo. Foleni ni ndefu na milango miwili haifungi, basi kijana akawa anajizuia hadi afike nyumbani, anaingia mbio na begi mgongoni. Tuligundua baada ya majuma matatu. Wazazi tulilisema kwenye mkutano, milango ikatengenezwa, foleni iko vile vile. Maji pia anabeba ya mvua kutoka nyumbani, kwa sababu visima vingi vya huku vina floraidi na sitaki meno yake yawe ya kahawia kama yangu. Kompyuta alizokuwa anagusa akademi hakuna. Kiingereza chake kimeingia Sheng, na mama yake bado hajanisamehe kwa hilo.

Lakini anasoma. Kila Ijumaa mwalimu huwapanga wawili wawili, mmoja anasoma kwa sauti na mwenzake anafuata kwa kidole, kisha wanabadilishana. Watoto 72 wakisoma kwa pamoja ni kelele kama za soko, ila kufikia Agosti 2024 alikuwa ananisomea ukurasa mzima wa michezo, majina ya wachezaji na yote.

Nikipima shule hii kwa gredi ya nne hadi ya sita, nampendekezea mzazi yeyote asiyeogopa vumbi. Sekondari msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa, iliyo ndani ya uwanja huo huo siisemei hivyo. Tangu 2023 gredi ya saba wanasomea pale pale kwenye shule za msingi, na kwetu maabara ni chumba cha darasa kilichowekwa meza ndefu na sinki isiyo na bomba. Walimu waliopo ni wachache kuliko masomo tisa yanayofundishwa. Muhula wa pili wa 2024, walimu vibarua wa sekondari msingi walipogoma nchini, nilipita pale saa nne asubuhi nikakuta gredi ya saba na ya nane wote uwanjani wakicheza mpira, na hakuna mtu mzima karibu.

Wangu amebakisha mwaka mmoja kufika huko. Nimeanza tena kuzungukia majirani, safari hii naomba daftari la sayansi.