Lee-Enfield Namba 4 ya kiwanda cha Savage: tathmini baada ya misimu miwili uwanjani

Bunduki ninayoitathmini hapa ni Lee-Enfield Namba 4 Mk I* (Mk ni kifupi cha Mark, yaani toleo), iliyotengenezwa mwaka 1943 katika kiwanda cha Savage huko Chicopee Falls, jimbo la Massachusetts, kwa matumizi ya jeshi la Uingereza. Niliinunua katika duka la silaha zilizokwishatumika hapa Ohio, ninakoishi, na katika misimu miwili nimeipiga risasi zipatazo 400 kwenye uwanja wa shabaha. Wakenya wenzangu waliokulia Baringo au Turkana wataitambua kwa jina la Maki Foo, kwa sababu bunduki za aina hii zilikuwa mikononi mwa askari wa akiba wa polisi. Mjomba wangu alikabidhiwa moja na serikali, nami utotoni nilikatazwa hata kuisogelea. Pengine ndiyo sababu nilipoingia katika ukusanyaji wa bunduki za kale za kijeshi nilianzia hapa, wala sikuanzia kwa Mauser ya Kijerumani kama wenzangu wengi.

Hukumu yangu naitoa mapema. Hii ni bunduki ya kupigwa, si ya kutundikwa ukutani, na inamfaa sana mtu aliye tayari kuielewa. Lakini sehemu zinazoamua kama umepata nzuri au mbovu ni bolti (kile chuma kinachosukumwa mbele kufunga bunduki na kuvutwa nyuma kuifungua), mbao na mtutu, ambazo mnunuzi hazioni kwa kutazama mng'ao wa chuma dukani.

Savage ilipewa kazi hii kwa sababu viwanda vya Uingereza vilikuwa vimeelemewa, na hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1944 ilikuwa imetoa zaidi ya bunduki 1,000,000. Juu ya chuma kumegongwa maneno yanayotangaza kwamba ni mali ya Marekani, ingawa jeshi la Marekani halikuitumia: chini ya sheria ya ukopeshaji wa silaha ya Machi 1941, bunduki hizi zilihesabiwa kuwa za mkopo. Herufi C iliyo katikati ya namba yake inasimama badala ya Chicopee Falls. Muuzaji alinihakikishia kwamba namba ya bolti na namba ya bunduki zilikuwa zimefanana tangu kiwandani. Nilipofika nyumbani na kuitazama kwa kioo cha kukuzia, niliona kwamba namba ya awali ya bolti ilikuwa imesuguliwa na nyingine kugongwa juu yake kwa tarakimu za umbo tofauti. Kwa mkusanyaji hilo linapunguza thamani. Kwa mpigaji lina uzito zaidi, kwa sababu bolti ya bunduki nyingine huenda isifunge sawasawa. Nililazimika kulipa fundi apime upya jinsi bolti inavyofunga kabla sijathubutu kupiga hata risasi moja.

Bolti yenyewe, ikiwa nzima, ni raha tupu. Inazunguka nyuzi 60 tu, mkono wake uko karibu na kifyatulio, na inajikoki wakati wa kuisukuma mbele, kwa hiyo nguvu ya kuifunga inatoka kwenye kiganja kizima badala ya vidole viwili. Kabla ya vita vya 1914 askari wa Uingereza alitakiwa kupiga risasi 15 za kulenga kwa dakika moja kwenye shabaha ya yadi 300, akitumia bunduki za ukoo huuhuu, na baada ya kuizoea bolti hii unaamini kwamba jambo hilo liliwezekana. Magazini inachukua risasi 10, zinazopakiwa kwa vibanio viwili vya risasi tano tano. Tahadhari moja ni lazima: risasi ya .303, ambayo ndiyo bunduki hii hutumia, ina ukingo uliojitokeza kitakoni, na ukingo wa risasi ya juu usipokaa mbele ya ukingo wa ile ya chini yake, zitafungana ndani ya magazini na bolti itakwama.

Suala zito zaidi ni maganda ya risasi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa bila sababu. Chemba, yaani tundu ambamo risasi hukaa kabla ya kupigwa, ilichongwa pana makusudi ili bunduki isikwame penye tope na vumbi, na meno yanayoifunga bolti yako nyuma badala ya mbele, kwa hiyo mlipuko unapotokea ganda hutanuka na kurefuka kuliko katika bunduki nyingine nyingi. Maganda niliyoyarudisha katika umbo lake la kiwandani kabla ya kuyajaza baruti upya yalionyesha mstari unaong'aa juu kidogo ya kitako baada ya kupigwa mara tatu, na mstari huo ni dalili kwamba ganda linakaribia kukatika vipande viwili. Sasa nabana shingo ya ganda peke yake, nikiuacha mwili wake ubaki na umbo la chemba ya bunduki yangu. Kwa ganda jipya, mara ya kwanza navisha kipete chembamba cha mpira mbele ya ukingo ili kitako kiegemee uso wa bolti na chuma kisivutike; baada ya hapo kipete hakihitajiki tena. Pia naingiza waya uliopindwa ncha ndani ya kila ganda na kupapasa ukuta wake, na nikihisi mfuo, natupa. Tangu nifuate utaratibu huu sijapoteza ganda lolote kwa kukatika. Nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda ikiwa imezidi, jeshi lilitengeneza vichwa vya bolti vya kubadilisha, vyenye namba 0 hadi 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia. Siku hizi vile vya namba kubwa ni adimu na wauzaji wanavijua thamani.

Mbao nazo zinataka uangalizi. Katika Mk I na Mk I* kifyatulio kimening'inizwa kwenye kilinzi chake, ambacho kinashikwa na mbao, kwa hiyo mbao ikinywea au kuvimba, uzito wa kufyatua hubadilika. Wakati wa baridi nyumba za Ohio hupashwa joto na hewa hukauka mno. Mwezi Februari niligundua kwamba ile hatua ya pili ya kifyatulio, yaani ugumu unaohisiwa kabla tu ya risasi kutoka, ambayo wakati wa kiangazi huwa wazi, ilikuwa imetoweka kabisa. Nilipaka mbao mafuta ya kitani kwa wiki kadhaa na kukaza skrubu ya mbele, na hali ikarejea. Waingereza wenyewe waliiona kasoro hii, na katika Mk 2 iliyofuata baada ya vita walikihamishia kifyatulio kwenye chuma.

Kuhusu ulengaji, bunduki yangu ina kilenga cha nyuma chenye matundu mawili tu, la yadi 300 na la yadi 600, kilichowekwa ili kuharakisha uzalishaji. Kwenye yadi 100 risasi zinaenda juu ya alama, jambo linalomchanganya mgeni, na dawa yake ni kubadilisha kinara cha mbele kwa kingine kirefu zaidi. Mtutu una mifuo miwili ya ndani, ile inayoizungusha risasi, badala ya mitano ya kawaida, tena kwa ajili ya haraka ya vita, lakini sikuona ubaya wake: kwa vichwa vya risasi vya uzito wa gramu 11.3, risasi tano zinaingia katika duara la sentimita 8 kwenye yadi 100. Bunduki ya K31 ya Uswisi itaishinda kwa usahihi bila shida. Mosin-Nagant ya Urusi, ambayo nimewahi kuimiliki, haiifikii kwa wepesi wa bolti.

Ile nyota (*) kwenye jina Mk I* ndiyo inayoniudhi. Ili kurahisisha kazi, kiwanda kilikata pengo kwenye reli ambayo kichwa cha bolti hupitia, na ukingo wa pengo hilo ukimeguka, kichwa huruka nje wakati wa kuvuta bolti kwa kasi. Yangu ina kovu dogo hapo, bado halijaleta madhara, nami nalitazama kila nikiisafisha. Kabla ya kununua, omba bolti itolewe, pitisha kidole kwenye pengo hilo, kisha mulika mtutu kwa tochi: risasi za zamani zilikuwa na fataki (kile kiwashio cha baruti kitakoni) zinazoacha chumvi, na mtutu ambao haukuoshwa kwa maji ya moto baada ya kupigwa utakuwa umeliwa na kutu.

Risasi mpya dukani hugharimu zaidi ya dola moja kila moja, kwa hiyo asiyetaka kujaza maganda mwenyewe ataiona bunduki hii kuwa ghali kuilisha. Mimi ningeinunua tena leo kwa bei ileile, isipokuwa ningemtaka muuzaji akate gharama ya fundi aliyeipima bolti.